KUFULI NA MLANGO WA UANI

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima ya Tanga na pwani ya kaskazini. Maneno ya somo yamepigwa chapa ili yasomwe tena darasani.

Ninyi mlio Ngamiani na Chumbageni, ninyi wa Pangani, Muheza na Mkinga, na ninyi mnaosikiliza peke yenu nyumbani, kaeni karibu na redio. Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa awe tayari na chaki, maana leo tutaandika ubaoni.

Katika somo lililopita tulijifunza kuandika barua na kuifunga vizuri. Baada ya somo hilo darasa moja la Pangani lilituletea swali. Wanauliza hivi: “Siku hizi hatufungi bahasha, tunaandika katika simu. Simu yenyewe inatuambia kuwa maneno yetu yamefungwa na hakuna mwingine awezaye kuyasoma. Je, tuamini? Na kama serikali, yetu au ya watu wengine, ikitaka kuyasoma, haiwezi?” Swali hili ni zuri, wala si dogo. Leo nitalijibu kwa kirefu.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Wengi wenu, kabla ya kujua kusoma, mlikuwa mkimwendea mtu awaandikie barua. Mtu yule alilijua deni lako, alijua ugomvi wako na mkweo, alijua na maradhi ya mtoto wako. Jibu lilipokuja ulimpelekea huyo huyo akusomee. Wako waandishi waliokaa na siri za watu mpaka wakaenda nazo kaburini. Na wako ambao habari ilifika sokoni kabla mwenyewe hujafika nyumbani. Sasa unaandika kwa mkono wako. Ni mara yako ya kwanza kuwa na siri iliyo katika maandishi, na ni haki yako kuuliza ni nani mwingine anayeisoma.

Mji wa Tanga waijua hasara ya siri iliyovuja. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika mbele ya mji zikiwa na askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi. Wajerumani waliokuja kuulinda mji walikuwa kama elfu moja tu. Lakini mkuu wao, von Lettow-Vorbeck, alikuwa amekwisha kupata habari ya safari ile, nyingine katika barua za posta zilizotekwa. Tena nahodha wa manowari iitwayo Fox aliutaka mji usalimu amri kwanza, na muda ule Wajerumani wakaleta askari kwa gari moshi kutoka upande wa Moshi. Siku chache baadaye Waingereza walirudi melini, wakaacha ufukoni bunduki na risasi nyingi.

Serikali zote za dunia zimejifunza mambo ya namna hiyo kwa uchungu. Kwa hiyo barua zao za siri huzifumba. Kufumba maana yake ni kuyageuza maneno yasisomeke ila na yule mwenye ufunguo. Haya, tufumbe neno moja sote pamoja.

Mwalimu, andika ubaoni neno TANGA. Tutatumia herufi zote 26, pamoja na Q na X ambazo katika Kiswahili hatuzitumii. Sasa kila herufi isogee hatua moja mbele. T inakuwa U. A inakuwa B. N inakuwa O. G inakuwa H. Na A ya mwisho inakuwa B. Tumepata UBOHB. Mtu asiyejua atadhani ni upuuzi. Lakini fumbo hili ni dhaifu sana. Mtoto wa darasa la tatu atalifumbua kabla ya chai kupoa, kwa kuwa hatua ni moja kwa herufi zote.

Tufanye la pili. Safari hii hatua zibadilike: ya kwanza 3, ya pili 1, ya tatu 4, ya nne 2, ya tano 5. T inasogea tatu, inakuwa W. A inasogea moja, inakuwa B. N inasogea nne, inakuwa R. G inasogea mbili, inakuwa I. A ya mwisho inasogea tano, inakuwa F. Tumepata WBRIF. Tazameni vizuri: zile A mbili zimekuwa herufi mbili mbalimbali. Hapo mdukizi ana kazi. Zile namba, 3, 1, 4, 2, 5, ndizo ufunguo. Anazo mwandishi na anazo msomaji, na mtu mwingine asiwe nazo.

(Mwalimu asimamishe redio kidogo, wanafunzi wafumbe majina yao wenyewe.)

Bila shaka mmeona kuwa nguvu yote ya fumbo imo katika zile namba. Barua ndefu yataka namba nyingi, na mtu hawezi kuzibuni zote kichwani, kwa hiyo mashine humbunia. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na programu iliyo ndani ya simu. Sasa, ikiwa fundi aliyeitengeneza mashine ameipanga ili namba zionekane kama za bahati nasibu, kumbe zafuata njia anayoijua yeye, je, fundi huyo atahitaji kukuibia ufunguo? Hahitaji. Atasubiri barua yako ipite, aifumbue, aisome, kisha aiache iendelee na safari. Wewe hutajua kitu.

Jambo hilo nitaliita mlango wa uani. Nyinyi wa pwani mnaijua nyumba yetu. Mbele una mlango mkubwa, pengine wa nakshi, una komeo na kufuli zito, na mgeni hupiga hodi hapo. Nyuma kuna uani, na uani una mlango wake mdogo, ambao jirani na jamaa waujua. Hakuna ubaya, maana ni mlango wako na watu unawajua. Ubaya ni pale unaponunua nyumba iliyokwisha kujengwa, ukaambiwa kuwa ina mlango mmoja tu, kumbe uko wa pili nyuma ya kabati, na ufunguo wake anao mtu wa mbali.

Sasa nitawapa habari ya kweli iliyoigusa nchi yetu wenyewe.

Katika mji wa Zug, nchi ya Uswisi, palikuwa na kampuni iliyoitwa Crypto AG. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kufumba na kuziuzia serikali. Mwanzilishi wake alikuwa Boris Hagelin, Mswidi. Uswisi ni nchi isiyojiunga na upande wowote katika vita, kwa hiyo serikali nyingi zilisema: hawa ndio wa kuaminiwa, hawana shida na siri zetu. Wakanunua. Kwa muda wa miaka mingi nchi zaidi ya 120 zilinunua mashine hizo.

Lakini mwaka 1970 kampuni ile ilinunuliwa kwa siri na idara mbili za ujasusi, CIA ya Marekani na BND ya Ujerumani Magharibi. Bei ilikuwa dola milioni 5.75. Mlango wa duka haukubadilika, jina halikubadilika, wala Waswisi waliofanya kazi mle wengi hawakujua. Tangu hapo kampuni ilikuwa ikitengeneza mashine nzuri kwa marafiki wachache, na kwa wengine mashine zenye mlango wa uani. Balozi aliketi ofisini kwake, akafunga mlango, akaandika barua ya siri, akaifumba kwa mashine aliyoinunua kwa fedha nyingi, na watu wa Washington wakaisoma.

Wajerumani walijitoa mwaka 1993. Wamarekani waliendelea mpaka mwaka 2018. Dunia ilipata habari kamili tarehe 11 Februari 2020, gazeti la Washington Post pamoja na watangazaji wa Ujerumani na Uswisi walipoeleza yaliyomo katika hati za siri za mambo hayo. Gazeti lile lilichapa orodha ya wanunuzi. Katika nchi za Afrika wamo Misri, Nigeria, Sudan, Zaire, Zimbabwe, Afrika Kusini. Na Tanzania imo.

Hebu fikirini. Katika miaka ile Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika. Wapigania uhuru wa Msumbiji na wa Afrika Kusini walikuwa wageni wetu. Serikali iliyo katika hali hiyo ndiyo yenye haja kubwa kuliko zote ya kufuli zuri, na kufuli lake ilikuwa ikilinunua dukani kama wengine.

Najua mtu atauliza: je, hakuna aliyeshtuka? Wako. Urusi ya Kisovieti na China hazikununua hata moja, kwa sababu zilishuku. Na ndani ya kampuni wako mafundi walioona namba hazikai sawasawa. Mwaka 1977 fundi mmoja, Peter Frutiger, aliachishwa kazi baada ya kuzitengeneza vizuri mashine za Syria, yaani baada ya kuufanya uzuri ule aliolipwa mshahara kuufanya! Mwaka uliofuata aliajiriwa mama mmoja mwenye akili sana, Mengia Caflisch. Yeye alitunga njia ya kufumba iliyokuwa na nguvu kweli kweli. Mashine zipatazo 50 zilitengenezwa kwa njia hiyo kabla wakubwa hawajagutuka. Wakaziuza kwa mabenki, wakasimamisha kazi.

Aliyeumia zaidi alikuwa muuzaji, Hans Bühler. Alikamatwa Iran mwezi Machi 1992, kwa sababu Wairani walikwisha kuanza kuona kuwa siri zao zinajulikana. Alikaa gerezani miezi tisa. Walimuuliza siku baada ya siku, naye hakuwa na la kuwaambia, maana hakujua chochote. Alikuwa akiuza kile alichokiamini. Kampuni ililipa dola milioni moja ili aachiliwe, kisha ikamfukuza kazi na kumdai fedha hizo. Mimi nikisoma habari hii huwaza kuwa muuzaji wako anaweza kukutazama machoni, akakuapia kuwa kufuli ni zima, na asiwe mwongo, na bado kufuli likawa bovu.

Kwa hiyo sifa za nchi inakotoka programu si dhamana. Uso wa muuzaji si dhamana. Na maneno “imefungwa, salama” yanayotokea katika kioo cha simu ni ahadi ya kampuni, hayajawa ushahidi.

Pengine mwingine atasema: “Mimi si balozi. Nauza dagaa pale Deep Sea. Marekani watake nini kwangu? Na serikali ikiwa na mlango wa kuwakamatia wezi, si ni vizuri?” Mwenzetu huyu ana hoja, wala tusimcheke. Polisi wana haki ya kutafuta wezi, na mahakama yaweza kutoa hati ya kupekua. Shida yenyewe ni kwamba mlango haumjui mtu. Mlango hauwezi kusema, “Wewe ni askari, pita, wewe ni mwizi, rudi.” Anayeupata ufunguo huingia.

Mfano mmoja mwaujua Wagiriki. Mitambo ya kampuni moja kubwa ya simu nchini mwao ilikuwa na programu ya kusikiliza simu kwa amri ya sheria. Mtu asiyejulikana aliingia katika mitambo ile, akaiwasha programu hiyo kwa siri. Tangu Agosti 2004 mpaka Machi 2005 simu zaidi ya 100 zilisikilizwa, na moja ilikuwa ya Waziri Mkuu mwenyewe. Mlango uliojengwa kwa ajili ya serikali ulitumiwa kumsikiliza mkuu wa serikali. Na mwaka 2024 Wamarekani walitangaza kuwa wadukizi kutoka China wameingia katika makampuni yao ya simu, hata katika mitambo ile ile inayotumiwa kusikiliza simu kwa amri ya mahakama.

Kwa hiyo muuza dagaa hana haja ya kuogopa Washington. Aogope kwamba mlango ukiwapo, siku moja atauingia mtu anayejua kuwa leo amepokea fedha za mzigo.

Sasa tuje kwenye simu zenu.

Mwenye kitochi anisikilize. Ujumbe wa kawaida wa maandishi, ule usiohitaji intaneti, hufumbwa njiani tu, kutoka simu yako mpaka mnara. Ukifika kwenye mitambo ya kampuni uko wazi. Ni kama kadi ya posta: karani akitaka kuisoma, ataisoma. Tena hata kufuli la njiani halikuwa kamili siku zote. Mwaka 1998 mafundi wa Ulaya walitunga kufuli liitwalo GEA-1 la kulinda intaneti ya simu za zamani. Mwaka 2021 wataalamu wa Ulaya walilipima, wakaona limelegezwa kwa makusudi. Lilisemwa kuwa na ufunguo wa urefu wa 64, kumbe nguvu yake ni ya ufunguo wa 40. Tofauti hiyo si ya 24 tu kama mtakavyodhani, kwa sababu kila hatua moja huzidisha kazi ya mwizi mara mbili. Zidisheni mbili kwa mbili mara 24, mtapata zaidi ya milioni 16. Yaani kuvunja kulikuwa rahisi mara milioni 16 kuliko ilivyosemwa. Shirika la viwango la Ulaya lilikiri kuwa sheria za wakati ule zilizuia kusafirisha vyombo vya kufumba vyenye nguvu. Kufuli hilo liliwekwa katika simu za watu wa kawaida kwa miaka mingi.

Mwenye simu ya kioo anayo WhatsApp, na baadhi mnayo Signal. Hizi hufumba kutoka simu ya mwandishi mpaka simu ya msomaji, na kampuni iliyo katikati haina ufunguo. WhatsApp ilianza kufanya hivyo kwa watu wote mwaka 2016, kwa kutumia njia iliyotungwa na watu wa Signal. Je, nao tuwaamini vipi, baada ya yale tuliyosikia ya Uswisi?

Mwaka 1883 mwalimu mmoja Mholanzi aliyekuwa akikaa Ufaransa, Auguste Kerckhoffs, aliandika kuwa chombo cha kufumba kiwe kizima hata adui akiujua uundaji wake wote, siri iwe ni ufunguo tu. Kwa lugha yetu: fundi alete kufuli barazani, alifungue mbele ya mafundi wenzake, walitazame kila chuma. Likiwa zima hata baada ya kutazamwa hivyo, lifae. Lakini fundi akisema, “Ndani msitazame, niaminini mimi,” hapo ndipo penye Crypto AG.

Signal imefanya hivyo. Maandishi ya programu yake yako wazi, na wataalamu wasio watu wao wamekwisha kuyakagua. Tena ilijaribiwa na mahakama. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani iliwataka watoe habari za mtumiaji. Walichoweza kutoa ni tarehe aliyoanza kutumia programu, na tarehe aliyoitumia mara ya mwisho. Basi. Si kwa sababu walikataa, bali hawakuwa na kingine. Kwangu mimi ushahidi huo wazidi matangazo mia moja. WhatsApp yatumia njia ile ile, lakini maandishi ya programu yake hayako wazi kwa kila mtu, na kampuni inajua ni nani anayemwandikia nani. Mimi naitumia. Ila najua kuwa nusu ya kufuli naliona, na nusu nyingine naaminishwa.

Wala kuwekwa wazi si kinga kamili. Mwezi Machi 2024 ilionekana kuwa mtu fulani, kwa jina la bandia, alikaa zaidi ya miaka miwili akijifanya msaidizi mwema wa programu moja iliyo wazi iitwayo XZ, mpaka akaaminiwa, kisha akatia mlango wa uani. Programu ile hutumika katika mitambo mingi ya dunia. Aliyeugundua ni fundi Andres Freund, naye aligundua kwa kuwa kazi yake ilichelewa kama nusu sekunde na jambo hilo likamkera! Maandishi yalikuwa wazi, akafuata mkia mpaka akafika kichwani. Kama yangefungwa kabatini, angenung’unika tu na kurudi kazini. Watazamaji wengi hawamzuii mwizi asijaribu, lakini humpunguzia maisha.

Sasa nitasema jambo ambalo wengi hulisahau. Fumbo lilinde maneno yako vizuri kadiri gani, haliifichi bahasha. Nje ya bahasha pana jina la mtumaji, jina la mpokeaji, saa na mahali. Simu ikiwa imewashwa, mnara unajua ilipo, maana bila hivyo ujumbe hautakufikia. Na tangu kusajili laini kwa alama za vidole, jambo lililokamilishwa mwaka 2020, laini yako inajulikana kwa jina lako.

Mwaka 2024 gazeti la Guardian la Uingereza lilieleza shauri la kazi lililofikishwa katika baraza huko London. Aliyewahi kuwa mpelelezi wa Millicom, kampuni iliyokuwa na mtandao wa Tigo hapa Tanzania, alidai kuwa serikali ilikuwa ikipewa habari za simu ya Bwana Tundu Lissu, pamoja na mahali alipo, katika majuma yaliyotangulia kupigwa kwake risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Bwana Lissu alinusurika. Hayo ni madai ya shauri, wala sikuyaleta ili darasa likate hukumu. Nimeyaleta ili muone kuwa habari za namna hiyo hutoka katika mitambo ya kampuni ya simu. Programu ya kufumba, hata ikiwa nzuri kuliko zote, haigusi jambo hilo.

Na iko njia nyingine: mwizi kuingia ndani ya simu yenyewe. Mwaka 2021 ilijulikana kuwa simu za watumishi wa ubalozi wa Marekani waliokuwa Uganda, au walioshughulikia mambo ya Uganda, zilitiwa programu ya upelelezi iitwayo Pegasus, iliyotengenezwa na kampuni ya Israeli. Hiyo haivunji kufuli. Inakaa nyuma ya bega lako na kusoma kioo kama unavyosoma wewe. Programu kama hiyo ni ghali mno, haitumwi kwa muuza dagaa. Lakini ndugu yako anayeijua namba yako ya siri, au fundi wa simu uliyemwachia simu iliyo wazi, hufanya kazi ile ile bure.

Juu ya VPN, ambayo vijana wenu wanaitaja sana. Ni kama bomba unalopitisha maneno yako ili kampuni ya simu isione yaendako. Mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitangaza kuwa mwenye kutumia VPN aitolee taarifa kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Hilo ni jambo la sheria, mlijue. Na jambo la ufundi ni hili: mwenye bomba anaona yale ambayo kampuni ya simu haioni tena. Umehamisha imani yako kutoka kwa mtu mmoja mwenye ofisi mjini kwenda kwa mwingine ambaye pengine hujui hata yuko nchi gani. Ya bure hasa, jiulize hula nini.

Basi, ndugu zetu wa Pangani, jibu langu ni hili. Programu nzuri ya kufumba, iliyo wazi na iliyokaguliwa na watu wasio wa muuzaji, yaweza kuaminiwa kwa maneno yenyewe yakiwa njiani, hata mbele ya serikali kubwa. Isiyoruhusu kukaguliwa, amini kadiri unavyoweza kuvumilia hasara. Kwa ile bahasha ya nje, usitegemee programu yoyote. Na ninyi wa vikundi vya kuweka na kukopa, namba ya siri ya fedha msiiandike katika ujumbe wa aina yoyote, hata kwa mweka hazina. Jingine la kufanya leo: katika WhatsApp, fungueni mahali pa kuhifadhi nakala za mazungumzo. Nakala hizo hazifumbwi kwa ufunguo wako mpaka wewe mwenyewe uwashe kufuli lake, ambalo limekuwapo tangu mwaka 2021. Watu wengi wamefunga mlango wa mbele, na nakala ya kila kitu iko nje barazani.

Sasa maswali. Mjibu katika daftari kwa maneno yenu wenyewe, kisha mzungumze darasani.

Kwa nini nchi nyingi ziliiamini kampuni ya Uswisi, na China haikuiamini?

Fumbueni neno hili, ambalo ni jina la mji wa pwani yetu: SBQIBPL. Hatua ni 3, 1, 3, 2, 1, 2, 3. Mrudi nyuma, msiende mbele.

Mama mmoja wa Mkinga ana mwana Muscat. Huongea kwa WhatsApp kila Ijumaa jioni. Orodhesheni ni nani ajuaye kuwa wameongea, na ni nani ajuaye walichosema.

Majibu ya swali la tatu mwalimu ayakusanye na kutuletea. Katika somo lijalo tutayasoma, kisha tutaanza kuandika stakabadhi ya fedha. Kwaherini.